Kijinyama cha Jicho

Je, umewahi kumwona mtu mwenye kijinyama pale weupe wa jicho unapokutana na weusi? Hapa kwetu Kericho na Bomet utasikia, "Ah, ni vumbi tu," au eti ni moshi wa jikoni. Mara nyingi si kitu cha kutisha. Lakini baadhi ya vijinyama hivyo ni kansa, na hiyo ndiyo nataka kueleza.

Ulaya na Marekani kansa hii huwapata hasa wanaume wazee. Huku Afrika Mashariki wagonjwa wengi ni watu wa miaka thelathini na arobaini hivi, na wanawake huwazidi wanaume. Kwa nini?

Kwanza ni jua. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, tena juu milimani, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000, ile miale mikali ya jua isiyoonekana huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Kwa hivyo baridi yetu isikudanganye! Anayechuna majani chai hupigwa na miale hiyo tangu asubuhi, na kansa hii kwa kawaida huanza mahali ambapo kope hazifuniki.

Pili ni virusi vya UKIMWI. Kule Kampala, kati ya 1970 na 1988, wagonjwa walikuwa kama 6 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Mwaka wa 1992 walifika 35. Jua la Kampala lilikuwa ni lile lile. Kilichopungua ni kinga ya miili ya watu.

Hapo ndipo taabu inapoanzia. Shangazi yangu, ambaye nyumbani twamwita Senge, ni mchunaji. Alificha jicho lake chini ya leso karibu mwaka mzima, kwa sababu alijua majirani watasema nini. Wagonjwa wengi wana virusi kweli, lakini si wote. Senge alipopimwa, hakuwa navyo. Na hata angekuwa navyo, si angepewa dawa akaendelea na kazi yake? Wakati huo wote kijinyama kilikuwa kikitambaa kuelekea mboni.

Tiba yenyewe ni kukikata kwa ganzi, kisha kipande kikapelekwa maabara, maana hata daktari hawezi kuwa na hakika kwa kutazama tu. Shida ni kwamba hurudi. Daktari Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwafuata wagonjwa 98 hapa Kenya baada ya kukatwa. Nusu walitiwa matone ya dawa ya kansa kwa wiki nne, nusu matone yasiyo na dawa hiyo. Baada ya mwaka, kansa ilikuwa imewarudia asilimia 36 ya wale wasiopata dawa, lakini waliopata ni 11 tu. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2016.

Watoto wadogo nao wana kansa yao, ya ndani ya jicho. Nchini Kenya humpata mtoto mmoja hivi kati ya 17,000 wanaozaliwa. Mboni hung'aa nyeupe kama ya paka. Ukiiona kwa mdogo wako, mwambie mama siku hiyo hiyo.

Senge siku hizi huchuna majani akiwa na kofia pana. Jicho lile huona, ila kwa ukungu.