Msimulizi Hapimwi kwa Ulimi wa Mchezaji

Swali limenirudia tena, safari hii kutoka kwa kijana anayeendesha mchezo wa kuigiza wahusika kila Ijumaa usiku hapa Sharafiya, Jeddah. Mchezaji wake ameandika kwenye karatasi kwamba mhusika wake ni msimulizi hodari, lakini mwenyewe akifungua mdomo, hata kisa cha sungura kinamshinda. "Nimkatie alama ngapi?" Usimkatie hata moja, kijana. Unaniuliza kiasi cha adhabu kabla hujaonyesha kosa.

Swali hili limezaliwa na imani iliyoenea kwenye meza nyingi: mchezaji asimulie kwanza, ndipo arushe dadu. Akinoga aongezewe, akigugumia apunguziwe. Jibu la kawaida ni kwamba anayecheza shujaa mwenye nguvu haambiwi anyanyue meza. Ni kweli, ila halitoshi, maana mbishi atajibu kwamba mchezo wenyewe ni maneno, kwa hiyo maneno lazima yapimwe.

Haya, tuyapime. Tazama kwanza nani amekaa mezani. Sharafiya ni mtaa wa wageni; watu wa Kerala ndio wenye maduka na mikahawa yao, na ndani yake utawakuta Wapakistani, Wasudani, Wafilipino na sisi tuliotoka Mombasa na Unguja. Lugha ya mezani huwa Kiingereza cha kuokoteza. Kanuni ya "simulia kwanza" inampa nani alama? Yule aliyesoma shule ya kimataifa. Mwenzake, ambaye nyumbani kwao akisema "Paukwa!" watoto wanaacha hata chakula waitikie "Pakawa!", anahesabiwa hana kipaji. Mmepima Kiingereza, mkaandika "usimulizi" juu ya matokeo. Halafu mnalalamika kwamba malenga wote katika michezo yenu wanazungumza kama mtangazaji mmoja wa redio!

Tuseme basi wote mezani wana lugha moja. Imani hii bado ni mbovu, kwa sababu inadhani ustadi unakaa kooni. Wanaoitetea hupenda kumtaja Shahrazad, nami nashuku hawakumsoma. Katika Alfu Lela Ulela, kabla hajasimulia neno, ameshapanga na ndugu yake Dunyazad kwamba huyo ndiye aombe hadithi, mfalme asikie. Ameshapiga hesabu ya usiku pia, ili alfajiri iikute hadithi katikati. Kumpanga mwombaji na kuchagua pa kukatia ni maamuzi ya mhusika. Mchezaji mwenye haya kuliko wote anaweza kuyatamka kwa sentensi mbili zilizovunjika, na mfalme akakesha vilevile.

Karibu zaidi na kwetu kuna Kisa cha Punda wa Dobi, kimojawapo cha vile alivyovichapisha Edward Steere mwaka 1870 kutoka Unguja. Kima yuko baharini mgongoni mwa papa, anaambiwa moyo wake unatakiwa. Anajibu kwamba kima huacha mioyo yao mitini. Huo ni uongo, basi urushieni dadu ya udanganyifu. Akishafika juu ya mti, papa anamwita warudi safarini. Hapo ndipo kima anaposimulia habari za punda aliyenusurika kwa simba kisha akarudi kwa miguu yake mwenyewe. Papa haombwi aamini kwamba punda huyo alikuwako; anaonyeshwa kwamba ameshajulikana. Ni kazi mbili tofauti, na bado meza nyingi huzitupa pamoja katika kapu la "mvuto". Dungeons & Dragons, katika toleo la 2014, imeuchanganya usimulizi na muziki na dansi. Mchezo wa ubaoni Tales of the Arabian Nights wa Eric Goldberg, mwaka 1985, uliupa nafasi yake peke yake. Hapo Goldberg alitangulia.

Mbinu sasa, upesi, nafasi inaniishia. Mwulize mchezaji mambo matatu: anamsimulia nani, mtu huyo anatamani au anaogopa nini, na hadithi itakatwa wapi. Sentensi moja kwa kila jibu, lugha yoyote. Kwa dadu ya pande 20 anzeni na ugumu 15. Majibu yakimgusa msikilizaji yule hasa, shusheni hadi 10. Dadu ikikataa, msimfanye mhusika agugumie. Hadhira imeelewa vingine: kisa cha mfalme mlafi kimemfikia mlinzi kama tusi kwa bwana wake.

Mkitaka kuwashika watu muda mrefu, wekeni kete nne za usikivu mezani na muondoe moja kila dadu inapokataa. Zikiwapo, wenzake msimulizi wafanye yao. Ndivyo ilivyokuwa shujaa Fumo Liyongo alipofungwa: tupa ilimfikia ndani ya mkate wa wishwa, na ngoma na nyimbo za watu wake zikafunika sauti ya pingu zikikatwa. Hapakuwa na mlinzi aliyebembelezwa akubali kitu.

Mhusika awe na akiba ya visa vilivyotajwa kwa majina, hata vitano tu. Kilichokwisha kusimuliwa katika mji fulani kiongezewe ugumu kikirudiwa humo, na kipya apewe baada ya kumsikiliza msimulizi mwingine. Wachezaji wengine wawe waitikiaji, kila mmoja atie jambo moja katika kisa. Na mtu akitaka kusimulia kwa Kimalayalam cha Kerala au Kiswahili chake, mwacheni amalize bila kumkata. Kisha mhusika wa jirani arushe dadu ya kutafsiri, na akikosea, alichotafsiri ndicho sultani alichosikia.