Fahamu: Kwa nini simu janja haijakimaliza kiredio cha memori kadi

Apple ilipotangaza mwisho wa iPod Mei 2022, wengi walisema simu janja imemaliza mchezo. Kwa mpenda muziki wa Mazinde, wilayani Korogwe, hukumu hiyo ina haraka. Mshindani wa simu huko si iPod hata kidogo. Ni kiredio chenye tundu la memori kadi na la flashi, na nguvu yake iko kwenye hesabu. Wimbo wa MP3 wa dakika nne, kwa kilobiti 128 kwa sekunde, hula takribani MB 4, hivyo kadi ya GB 8 hubeba nyimbo zipatazo 2,000. Ukishaijaza, hudaiwi bando. Viredio vingi hutumia betri ya BL-5C, ileile ya Nokia 1100, ambayo huchomolewa kwa ukucha na kubadilishwa. Ya simu janja nyingi imefungiwa ndani.

Utaambiwa simu inaonyesha video, inapiga picha na kutuma pesa. Kweli, na kwa video kiredio hakina la kusema. Ila hapo ndipo penye udhaifu: anayesikiliza taarabu mchana kutwa shambani humaliza chaji ambayo jioni angeihitaji kwa M-Pesa. Hoja nzito zaidi ni ya msanii, kwani nyimbo za kadi mara nyingi hunakiliwa vibandani bila yeye kuambulia senti. Hilo silipingi, lakini kosa ni la anayenakili, si la kifaa, na wenye simu nao hurushiana nyimbo kwa Bluetooth kila siku.