Chuma kikavu kwanza: pepián ya ng'ombe kutoka Guatemala

Mchuzi wa kwetu, uwe wa Tanga au wa Kisumu, huanza kwa mafuta. Yapate moto, kitunguu kiingie, kikigeuka rangi kitunguu saumu na tangawizi vifuate, kisha nyanya. Mpishi aliyelelewa hivyo akiingia jikoni kwa mama wa Kikaqchikel, kwenye nyanda za juu za Chimaltenango magharibi mwa Jiji la Guatemala, ataitafuta chupa ya mafuta asiione. Kilichokaa motoni ni bamba la udongo au la chuma, kavu kabisa, wenyewe huliita comal. Juu yake vinachomwa kimoja baada ya kingine: nyanya na maganda yake, kitunguu, mbegu, pilipili, hata kipande cha mkate. Maji yatakuja baadaye sana.

Hivyo ndivyo inavyoanza pepián, nyama iliyopikwa ndani ya rojo zito la mbegu za maboga na ufuta. Waguatemala huila harusini, kwenye ubatizo na katika sikukuu za watakatifu wa vijiji vyao, na siku za kawaida huuzwa kwenye migahawa midogo ya sokoni, kando ya mlima wa wali. Mwaka 2007 Wizara ya Utamaduni na Michezo ya nchi hiyo iliitangaza kuwa urithi wa utamaduni wa taifa, pamoja na vyakula vingine vitatu: jocón, kak'ik na ndizi za mole. Kuku ndiye anayepikwa zaidi siku hizi, lakini kwa ladha yangu pepián ya ng'ombe ndiyo yenyewe. Rojo lenye mbegu nyingi kiasi hiki linahitaji nyama yenye mfupa na mafuta yake, la sivyo linaimeza.

Wengi huiita pepián chakula cha Wamaya, na hapo ukweli ni wa nusu. Maboga ni ya huko tangu enzi: katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, zimepatikana mbegu za maboga ya kupandwa zenye umri wa miaka ipatayo 10,000. Nyanya, pilipili na mahindi navyo ni vya upande huo wa dunia. Lakini ng'ombe hakuwepo. Pedro de Alvarado na askari wake wa Kihispania waliingia Guatemala mwaka 1524, na baada yao ndipo zilipofuata ng'ombe, vitunguu, mdalasini, karafuu na huo ufuta wenyewe. Kabla ya hapo nyama ya sherehe ilikuwa bata mzinga au kulungu. Kwa hiyo sufuria tunayoipika leo ni ya wenyeji na ya waliowavamia, na sioni sababu ya kulificha hilo ili chakula kionekane cha kale zaidi.

Kuna jambo moja linalonichekesha kuhusu viungo vya Guatemala. Nchi hiyo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa iliki duniani. Hulimwa sana kwenye milima ya Alta Verapaz, na sehemu kubwa husafirishwa kwenda nchi za Kiarabu kutiwa kwenye kahawa. Huenda iliki uliyoinusa kwenye finjani Muscat au Dubai imetoka kwenye milima hiyo. Lakini kwenye pepián hutaona hata punje moja.

Tuingie sokoni. Kwa watu sita, nunua kilo moja na nusu ya mbavu au kidari, muuza nyama akukatie vipande vya kujaza kiganja. Steki usiihangaikie, itakauka bure. Mbegu za maboga zilizomenywa gramu 120, na ufuta nusu ya hapo. Ufuta si wa kutafuta kwa tochi: Lindi na Mtwara wanaulima kwa wingi. Nyanya nane zilizoiva, kitunguu kikubwa kimoja, punje nne za kitunguu saumu zisizomenywa, kijiti cha mdalasini, pilipili manga chache, karafuu mbili na kipande kimoja cha mkate. Waguatemala wengi hutumia chapati zao za mahindi, tortilla, badala ya mkate.

Vitu viwili vitakusumbua. Cha kwanza ni miltomate, tunda dogo la kijani lililofungwa ndani ya ganda kama karatasi, lenye uchachu. Tumia nyanya tatu au nne za kijani, ambazo hazijaiva kabisa, kisha malizia na ndimu. Wapo watakaoshawishika kutia ukwaju. Ukiutia, ladha itahamia pwani. Cha pili ni pilipili kavu wanazoziita guaque na pasa. Hizi ni ndefu, zimesinyaa, na kazi yake ni rangi na harufu, si kuwasha ulimi. Kwenye maduka ya viungo ya Wahindi zipo pilipili nyekundu za Kashmir zinazofanana nazo kwa upole. Nne zinatosha. Pilipili kichaa hazibadilishani nazo hata kidogo: pepián si chakula kikali, na anayetaka ukali Guatemala huwekewa pembeni unga wa pilipili za Cobán, ajinyunyizie mwenyewe.

Nyama itangulie. Iweke kwenye maji ya kuifunika, chumvi na nusu ya kile kitunguu, ichemke taratibu saa moja na nusu hadi mbili. Toa povu linapopanda. Hapo sasa una muda wa kutosha wa kazi yenyewe.

Bandika kikaango cha chapati bila kitu, moto wa wastani. Anza na mbegu za maboga. Dakika mbili za mwanzo hutaona lolote, na hapo ndipo mikono huwawasha watu wakaongeza moto. Usiongeze. Mbegu zitaanza kuvimba tumbo, moja itapasuka kwa mlio mdogo, halafu nyingine, na ukijani utachanganyika na madoa ya kahawia. Zikoroge bila kuacha, na zikishavimba karibu zote zimwage kwenye sahani papo hapo, kwa sababu kikaango kinaendelea kuunguza hata jiko likiwa limezimwa. Ufuta una haraka zaidi, dakika mbili na ushei. Utaanza kurukaruka na kutoka nje ya kikaango. Ukiona rangi ya dhahabu, ondoa. Ufuta uliopitiliza ni mchungu, na uchungu huo hakuna sukari wala chumvi itakayouficha. Mwaga, anza na mwingine.

Pilipili kavu zipasue, toa mbegu zake, kisha zibandike wazi kwenye chuma na uzikandamize kwa mwiko. Sekunde chache kila upande. Ngozi itavimba kidogo, wekundu utageuka kuwa wa matofali, na harufu yake inakaribiana na ile ya zabibu kavu. Fungua madirisha kabla, maana moshi wake hukaba koo, na watoto watakimbilia uani wakikohoa. Ziloweke kwenye kikombe cha maji ya moto.

Sasa nyanya, nyekundu na za kijani, kitunguu kilichobaki na punje za kitunguu saumu na maganda yake. Hapa ndipo mpishi wa kwetu hukosa ujasiri. Sisi tumefundishwa kwamba cheusi kimeungua na kilichoungua ni aibu ya mpishi. Kwenye pepián ngozi ya nyanya lazima iwe na mabaka meusi, ipasuke, na maji yake yaungulie kwenye chuma. Kitunguu nacho kipate weusi pembeni. Ladha ya mchuzi huu inatoka hapo, kwenye chuma kikavu, na ukiruka hatua hii kwa kukaanga nyanya kwenye mafuta utapata mchuzi mzuri wa ufuta usio pepián. Mkate nao uchome hadi uwe kahawia iliyokolea. Wapo wanaouacha uwe mweusi tii, pamoja na pilipili, na matokeo yake ni pepián nyeusi, ambayo ni mlo halali kabisa na una wapenzi wake. Mimi ninaipenda ile nyekundu.

Zamani, na bado vijijini, haya yote yalisagwa juu ya jiwe kwa magoti na mikono. Blenda inatosha, ila usitie kila kitu kwa pamoja. Saga kwanza mbegu, ufuta, mdalasini, karafuu na pilipili manga vikiwa vikavu hadi upate unga. Wanaosaga mbika kule Kongo wanaujua unga wa namna hii. Kisha ongeza nyanya, kitunguu, vitunguu saumu ulivyovimenya, pilipili ulizoloweka na mkate, pamoja na vikombe viwili vya supu ya nyama. Pitisha kwenye chujio. Kama mbegu zako zilikuwa na maganda, uvivu wa kuchuja utaujua mezani.

Rudisha rojo kwenye sufuria ya nyama, moto mdogo. Mbegu hushuka chini na kushika, kwa hiyo mwiko ufike hadi kwenye kitako. Baada ya nusu saa hivi utaona duara jembamba la mafuta mekundu likikusanyika pembeni. Hukutia mafuta, lakini karibu nusu ya uzito wa mbegu za maboga na wa ufuta ni mafuta, na sasa yanajitokeza. Ukiyaona ujue limeiva. Likiwa zito kupita kiasi ongeza supu, likiwa jepesi liache wazi motoni.

Mboga ni viazi, karoti, maharage machanga na güisquil, lile tunda la kijani lenye umbo la peasi na mbegu moja ndani, ambalo hutambaa pia kwenye nyua za watu nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ukilikosa, mung'unye changa inafaa. Mboga zote zichemshe kando hadi karibu kuiva, zimalizie dakika kumi ndani ya rojo, kisha kamua ndimu.

Kwao huandaliwa na wali mweupe na tortilla za moto. Wali ni sawa, lakini rojo hili limezoea kushirikiana na mahindi, na ugali mgumu kiasi unalibeba vizuri kuliko wali. Kinachobaki kitaganda usiku kama siagi ya karanga. Kesho yake mimina kikombe cha supu au maji kabla ya kukipasha, na ukipashe kwa moto mdogo, usiache kukoroga.