Istilahi za Springi na Mlalo wa Gari

Mfasiri wa vitabu vya ufundi wa magari hukutana mapema na neno la Kiingereza linalotaja mkusanyiko wote wa vyuma na mipira ulio baina ya magurudumu na bodi. Kamusi humpa "kusimamisha". Akiandika hivyo, msomaji ataelewa kwamba gari limesimamishwa na askari. Na msomaji akiwa mtumishi wa serikali, atawaza mabaya zaidi. Sisi twapendekeza "mfumo wa springi", jina ambalo fundi hahitaji kufafanuliwa.

Ndani ya mfumo huo mna kazi tatu, na upotofu mwingi wa tafsiri hutokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni kubeba uzito na kupokea mshindo wa barabara. Kwa ile ya mabamba yaliyopangwa, neno "kamani" lafaa libaki: asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde, na umbo lake ni upinde kweli. Ile ya chuma kilichozungushwa iitwe springi.

Ya pili ni kazi ya shokomzoba, au shokapu kama isemwavyo gerejini. Wapendao kuliepuka neno la mkopo huandika "kifyonza mshtuko". Hapo hatukubaliani nao, kwani mshtuko umekwisha kupokewa na springi. Springi iliyobanwa hurudi, hupita kipimo chake, kisha hubanwa tena, na ingeachwa peke yake gari lingedundadunda muda mrefu baada ya shimo. Shokomzoba husukuma mafuta yapite katika vitundu vidogo, na ule mwendo hugeuka joto. Basi jina lake la haki ni "kituliza springi".

Suala hili si la ufasaha tu. Mwenye gari linalolala mno kwenye kona, akisoma kwamba kifyonza mshtuko kipya kitalinyoosha, atapoteza fedha zake. Kituliza hupunguza kasi ya kulala. Katika kona ndefu gari litafikia mlalo ule ule. Kinachopunguza mlalo wenyewe ni springi ngumu zaidi, au kile chuma cha mviringo kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likilala, chuma hicho husokotwa, na ukaidi wake ndio unaoliinua. Hapa tarakimu zataka uangalifu, kwa maana ugumu wake hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: chuma cha milimita 22 badala ya 20, cha urefu na madini yale yale, ni kigumu zaidi kwa asilimia 46 hivi. Mpiga chapa akikosea milimita mbili, gari ni jingine.

Mafundi hukiita "stabilaiza". Jina hilo laahidi uthabiti ambao chuma chenyewe hakiwezi kuudhamini, kwa hiyo twapendekeza "kizuiamlalo". Hakipunguzi uzito unaohamia matairi ya nje, maana huo hutegemea kimo cha kitovu cha uzito na upana baina ya magurudumu. Kinaugawa tu kati ya mbele na nyuma. Kikitiwa kigumu mbele, matairi ya mbele huwahi kuteleza. Kikitiwa nyuma, huwahi ya nyuma.

Mfano mzuri ni Chevrolet Corvair ya Marekani, gari lenye injini nyuma, lililotoka kama gari la mwaka 1960 bila kizuiamlalo cha kawaida. Taabu yake ilikuwa nyuma, ilhali kizuiamlalo walichokifanya cha kawaida katika magari ya mwaka 1964 kiliwekwa mbele, na nyuma ikaongezwa kamani ya kukingama. Kabla ya hapo dereva alitegemea maagizo ya kitabu: upepo wa ratili 15 kwa inchi mraba matairi ya mbele, na 26 ya nyuma. Aliyejaza sawasawa pande zote, kama ilivyo desturi ya wengi, aliiondoa kinga hiyo bila kujua.

Tabia hizo mbili za gari kwenye kona Kiingereza huzitaja kwa upungufu na uzidifu wa usukani. Tukizifasiri neno kwa neno, dereva atadhani kosa ni la mikono yake. Twapendelea "kuteleza mbele" na "kuteleza nyuma", ambayo hata mwanafunzi wa udereva huyaelewa kabla gari halijatoka barabarani.