Huduma Inapohamishwa Bure

Seva zilizo katika klasta hazina njia ya kujua kwa hakika kwamba mwenzao amekufa. Hutumiana ishara fupi kila mara, na ishara zikikatika kwa muda uliowekwa, zilizobaki huchukulia kuwa mwenzao hayupo na kuihamishia huduma kwingine. Lakini seva iliyozimika, seva iliyolemewa na kazi na kebo iliyochomoka hutoa ukimya uleule. Kila uhamisho basi ni dhana, na dhana ikikosea, huduma iliyokuwa nzima huvunjwa na mtambo uliowekwa kuilinda.

Kampuni ya GitHub ilipatwa na hayo Septemba 2012. Mabadiliko ya muundo wa hifadhidata yaliilemea seva kuu hadi ikashindwa kujibu vipimo vya afya. Programu ya klasta, Pacemaker, ikaisimamisha hifadhidata ya MySQL pale na kuipa seva nyingine uongozi. Hiyo ya pili ilikuwa baridi: data inayoulizwa mara kwa mara haikuwa imepakiwa katika kumbukumbu yake. Nayo ikalemewa, ikashindwa kipimo, uongozi ukarudi ulikotoka. Hifadhidata ya kwanza haikuwa imekufa, ilikuwa imechoka tu. Ilibidi Pacemaker iwekwe katika hali ya matengenezo, ambamo huduma huendelea lakini programu haizigusi. Kwa kazi nzito iliyopangwa, hali hiyo inafaa kuwashwa kabla ya kazi kuanza.

Tarehe 21 Oktoba 2018, katika kampuni hiyohiyo, mtandao wa pwani ya mashariki ya Marekani ulikatika kwa sekunde 43 wakati kifaa kibovu kikibadilishwa. Programu ya Orchestrator ikazipandisha hifadhidata za pwani ya magharibi kuwa kuu. Mtandao uliporudi, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwenzake hakuwa nayo, na huduma zikayumba kwa saa 24 na dakika 11.

Jambo la kwanza la kurekebisha, basi, ni muda wa subira. Matoleo ya zamani ya Corosync, programu inayobeba ishara za klasta, yalisubiri sekunde 1, ya sasa husubiri 3. Seva pepe inayogandishwa kidogo wakati wa kunakiliwa huweza kuuvuka muda huo bila kasoro yoyote. Subira ipimwe kwa mgando mrefu kuliko yote uliowahi kuonekana. Ishara nazo zipite njia mbili, na njia mbili zinazokutana kwenye swichi moja ni njia moja. Kipimo kimoja kikifeli, kuiwasha upya huduma palepale ilipo mara nyingi hugharimu kidogo kuliko kuihamisha.

Uhamisho wa bure kuliko wote ni ule wa kurudi nyumbani. Seva iliyotengenezwa ikiwaka tena, Pacemaker huweza kuirudisha huduma huko, kwa kuwa thamani ya awali ya resource-stickiness, yaani kung'ang'ania mahali, ni 0. Ikiongezwa, huduma hubaki ilipo. Katika keepalived, programu nyingine ya kuhamisha huduma, mpangilio wa nopreempt hufanya kazi hiyo.

Kuzima nako husahaulika. MySQL yenye kumbukumbu kubwa huweza kuhitaji dakika kadhaa kuandika data yake diskini; Pacemaker ikiisubiri sekunde 20 tu, muda wake wa kawaida, huhesabu kuwa kuzima kumeshindikana, na klasta yenye kifaa cha kukata umeme huikatia seva nzima, pamoja na huduma nyingine zote zilizomo.