Hukumu ya upande mmoja hutenguliwa, lakini siku ni chache

MFANYABIASHARA anayefungua gazeti kutafuta bei ya saruji anaweza kukuta jina la kampuni yake kwenye tangazo la hukumu. Ameshitakiwa, ameshindwa na anadaiwa mamilioni ya shilingi, ilhali hakuwahi kusimama mbele ya jaji.

Hali hiyo hutokea pale mdaiwa anapokaa kimya. Kwa kanuni za mwaka 2012 za Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, mdaiwa aliyepokea wito hutakiwa kuwasilisha utetezi wake wa maandishi ndani ya siku 21. Asipofanya hivyo, mdai anaweza kuomba hukumu kwa kiapo kinachothibitisha deni na uthibitisho kwamba wito ulifika.

Hata hivyo, mdai hawezi kukimbilia kwa dalali wa mahakama siku hiyohiyo. Hutakiwa kwanza kutangaza amri ya hukumu katika magazeti yasiyopungua mawili yanayosomwa sana nchini, ndani ya siku 10 tangu hukumu itolewe. Baada ya siku hizo 10 kwisha, husubiri nyingine 21 kabla ya kukamata mali.

Wengi hujikwaa kwenye hesabu hii. Mdaiwa anayetaka hukumu itenguliwe naye anazo siku 21, lakini zake huanza kuhesabiwa siku ya hukumu, si siku ya tangazo. Tangazo likitoka siku ya 10, amebakiwa na siku 11 tu za kutafuta wakili, kukusanya nyaraka na kufungua maombi.

Chukulia mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekopeshwa mifuko 10,000 ya saruji kwa Sh. 15,000 kila mmoja. Deni ni Sh. milioni 150. Anadai mifuko 4,000 ilifika imeganda, hivyo akasimamisha malipo yote. Muuzaji akafungua shauri, wito ukapokewa na karani aliyeuweka kwenye droo, na hukumu ikatoka kwa deni zima.

Akienda mahakamani, swali la kwanza litakuwa kama wito ulimfikia kihalali. Kwa kampuni, wito unaweza kukabidhiwa katibu, mkurugenzi au ofisa mkuu, au kuachwa katika ofisi iliyosajiliwa. Kampuni iliyohama bila kubadilisha anwani yake BRELA inajiweka pabaya, kwa kuwa wito utapelekwa kule kule ilikohama. Kama haukufika kihalali, hukumu yenyewe imejengwa juu ya mchanga.

Kama ulifika, mdaiwa ataeleza kwa nini hakujibu. Kusema tu kwamba wakili alizembea hakutoshi, na mahakama zimekwisha kulisema hilo mara nyingi.

Swali jingine ni kama anao utetezi wa kweli. Katika shauri la Patel dhidi ya E.A. Cargo Handling Services, lililoripotiwa mwaka 1974, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba utetezi huo si lazima uwe wa kushinda. Inatosha uwe na hoja inayostahili kusikilizwa. Kwa mwenye duka, hati ya kupokelea mzigo yenye maandishi "mifuko 4,000 imeganda" ina uzito kuliko kurasa nyingi za malalamiko.

Lakini hati hiyo inagusa Sh. milioni 60 tu. Zile milioni 90 za saruji aliyoiuza hana jibu nazo. Jaji anaweza kutengua hukumu yote au kuibadilisha, kwa masharti anayoona ni ya haki, kama vile kulipa gharama za mdai au kuweka fedha mahakamani. Anayekiri anachodaiwa kweli huaminika zaidi kwa kile anachokipinga.

Aliyepitwa na siku 21 huanza kwa kuomba kuongezewa muda, na mlango huo ni mwembamba. Katika uamuzi wa mwaka 2011 unaohusu kampuni ya Lyamuya Construction, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo ya kuangaliwa: mwombaji aeleze muda wote aliochelewa, ucheleweshaji usipite kiasi, na aonyeshe bidii badala ya uzembe.

Kwa mwenye hisa chache katika kampuni ndogo, tangazo la namna hii linastahili swali kwa wakurugenzi: wito ulifika lini, na nani aliupokea? Kwa mwenye biashara, daftari la kuandikia kila barua ya mahakama inayoingia ni kinga ya bei ndogo. Mwenye duka angekuwa nalo, angebishania milioni 60 tangu mwanzo badala ya kuhangaikia milioni 150 akiwa na siku 11 mkononi.