Kusafisha Tumbo Nyumbani: Fahamu Tofauti na Hatari Zake

Wakazi wengi husafisha tumbo kwa sanamaki, mafuta ya nyonyo au maji ya chumvi. Wengine hufunga kula siku kadhaa wakinywa juisi pekee. Je, njia hizi zina tofauti gani?

Sanamaki humsaidia aliyefunga choo kwa siku chache, lakini haifai kutumiwa kila mara. Mafuta ya nyonyo husukuma utumbo kwa nguvu. Mama mjamzito asiyanywe, kwani yanaweza kuanzisha uchungu. Maji ya chumvi ni hatari kwa wenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo. Kufunga kwa juisi kunaweza kuvuruga kiwango cha sukari kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa.

Kuharisha si ithibati kwamba sumu imetoka. Kinachotoka zaidi ni maji na madini ambayo mwili unahitaji. Sumu huondolewa na ini na figo kila siku. Aidha, anayeharisha sana muda mfupi baada ya kumeza tembe, zikiwemo za kupanga uzazi, huenda asipate kinga au nafuu anayotarajia.

Njia salama ni maji ya kutosha, sukuma wiki, maharagwe, papai na mazoezi. Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu au ukiumwa tumbo kila mara, usijitibu. Fika katika zahanati iliyo karibu nawe upimwe mapema.